Barua ya wazi: Msiuze kumbukumbu za viwanda vya nguo kwa kilo

Kwa Waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale, Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na sanaa, Waziri mwenye dhamana ya viwanda na biashara, Msajili wa Hazina, na uongozi wa Makumbusho ya Taifa.

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni fundi wa vito hapa Dar es Salaam. Nafua fedha na shaba, na kwa miaka ya karibuni kazi yangu kubwa imekuwa kutengeneza hereni, vidani, pete na bangili kutokana na masalia ya viwanda vya nguo. Siombi mkopo, wala siombi mgeni rasmi wa kuja kukata utepe. Naomba jambo linaloenea kwenye nusu ukurasa: kila mara mashine za kiwanda cha nguo kilichokuwa mali ya umma zinapouzwa, vile vifaa vidogo vya mashine hizo, rola na skrini za kuchapia, pamoja na vitabu vya michoro na sampuli za khanga na vitenge, vitengwe kwanza na viorodheshwe. Makumbusho ichague ya kwake. Kinachobaki kiuzwe kwa kipande, kwa mafundi, kwa risiti. Vyuma vingine vyote uzeni kwa tani kama mnavyouza sasa. Sina ugomvi na tanuru la nondo.

Najua ombi la aina hii likifika mezani linachekesha kidogo. Nchi ina mambo mazito, na huyu anataka kuzungumzia hereni. Basi niruhusuni nieleze ni vitu gani hasa vinavyopanda mizani bila mtu kuvitazama.

Kwenye mashine ya kusokota nyuzi, kila kijiti cha kusokotea kimezungukwa na pete ya chuma, na juu ya pete hiyo kinakimbia kipande kidogo mno cha waya kilichokunjwa mfano wa herufi C. Uzi unapita ndani yake. Kinazunguka maelfu ya mara kwa dakika hadi kinachakaa, kinatolewa, kinawekwa kingine. Kiwanda kikubwa kina vijiti vya namna hiyo maelfu kwa maelfu, kwa hiyo vipande hivi viliagizwa kwa masanduku na kutupwa kwa ndoo. Ukikishika kilichochakaa na kukitazama kwa lenzi ya sonara, utaona upande wa ndani mfereji mwembamba. Umechimbwa na uzi. Pamba laini ya Shinyanga na Mwanza, ikipita hapo zamu baada ya zamu, imekata chuma. Mimi huvifunga kimoja ndani ya kingine, navilehemu kwa fedha, navipaka nta ili visishike kutu, na unapatikana mkufu mwembamba ambao mteja akiuvaa namwambia, kabla ya jambo lingine lolote, autazame kwa ndani.

Kwenye mashine ya kufuma kuna vibati vyembamba vya chuma, virefu kuliko kidole, vyenye tundu. Kila uzi wa mtande, yaani unaokwenda kwa urefu wa nguo, unapita kwenye kibati chake. Uzi ukikatika, kibati kinadondoka, na mashine inasimama yenyewe ili mfumaji aje aunge. Nguo ya upana wa khanga ina nyuzi za mtande elfu kadhaa, maana yake mashine moja ina vibati elfu kadhaa, vyote vimesimama kwenye mstari vikisubiri kuanguka. Ni vyepesi, vimetobolewa tayari, vikigusana vinalia. Sijui kifaa kingine cha kiwandani kilichokuja duniani kikiwa kimekaribia kuwa hereni kiasi hicho. Kazi ya fundi hapo ni kujizuia tu asiharibu: kukata urefu, kulainisha kingo kwa tupa, kuweka ndoano ya fedha, basi.

Kuna kitana, ambacho ni safu ya meno membamba ya chuma yanayotenganisha nyuzi za mtande na kuusukuma mshindio, yaani uzi unaokatiza mtande, mahali pake. Kitana kilichovunjika hakina bei, lakini vipande vyake vinatoa kidani kizuri cha kifuani, chenye mistari iliyonyooka kuliko mkono wangu unavyoweza kuchora. Na kuna kile kipande cha mbao ngumu chenye ncha za chuma pande zote mbili, kilichobeba bobini ya uzi wa mshindio na kurushwa kutoka upande huu wa mashine hadi ule, karibu mara 200 kwa dakika. Karakana kwetu tunakiita mtumbwi, kwa sababu ndilo umbo lake. Mashine za kisasa hazina mtumbwi; zinapitisha mshindio kwa hewa, kwa maji au kwa mkono wa chuma. Kila unaochomwa kuwa kuni unapunguza idadi ambayo haitaongezeka tena. Nimeona mitumbwi ikiuzwa kwa mama lishe kama kuni, na sikuweza kumlaumu mama lishe, maana mbao ile inawaka vizuri.

Mbao ya mtumbwi imelainishwa na nyuzi na viganja hata haihitaji msasa. Nikiikata mkato wa kuvuka, napata vipande vya bangili. Ncha za chuma nazitumia kwa pete. Napendelea kuacha mikwaruzo yake, na wanunuzi wengine wanadhani ni uvivu.

Nimetaja khanga. Sehemu ya kazi yetu haina chuma hata kidogo. Wanawake wa pwani walikuwa wakivaa majasi masikioni, na mengine yalitengenezwa kwa karatasi za rangi zilizokunjwa duara, tabaka juu ya tabaka. Sisi tunachukua vipande vya khanga vilivyokataliwa, hasa ule ukingo wa pembeni wenye alama ya kiwanda, tunavikunja vivyo hivyo, tunavifunga kwa ukanda wa shaba ya njano. Bibi mmoja wa Kariakoo alivishika akasema tumechelewa, mama yake alikuwa nayo. Nilifurahi kuliko kusifiwa na mwenye duka la Masaki.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu nataka mwone kwamba jambo hili halikuanza na mafundi wa leo.

Pale Kilwa Kisiwani, mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba kati ya miaka ya 1950 na 1960, miongoni mwa vitu vilivyotoka ardhini ni vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati. Ni vizito vya kusokotea pamba: unavichomeka kwenye kijiti, unazungusha, uzi unajisokota. Watu wa Kilwa walikuwa wakichukua chungu kilichovunjika na kukifanya chombo cha kazi. Huko Mogadishu nako, msafiri Ibn Battuta alipopita mwaka 1331, alikuta nguo zinafumwa na kupelekwa hadi Misri. Kilwa imo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981, na vitu vya Kilwa vinatunzwa, vina namba, vina maelezo. Kigae chenye tundu, ambacho ukikitia uzi tu ni kidani, kimehesabiwa kuwa hazina ya taifa. Lakini mjukuu wake wa chuma, aliyefanya kazi ileile kwenye viwanda vya Ubungo, Mwanza na Musoma, anapimwa kwa kilo pamoja na mabati na rejeta za malori.

Kati ya kigae na kiwanda kuna karne nzima ambayo tulivalishwa na wengine. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, nguo nyeupe ya pamba kutoka viwanda vya Massachusetts iliingia Zanzibar kwa wingi hata ikaitwa amerikani, ikaenda bara mgongoni mwa wapagazi, ikawa sarafu. Khanga zenyewe, ambazo tunaziita zetu na kwa haki kabisa, kwa miongo mingi zilichapwa India, Uholanzi na Japani, zikaja kwa meli. Majina yakitungwa Mombasa na Unguja, rangi zikitiwa ng'ambo.

Ndiyo maana Kiwanda cha Nguo cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, kwa msaada wa China, lile halikuwa jengo la kawaida. Pamba iliyolimwa Kanda ya Ziwa, ambayo wakulima wake walikuwa wameshajipigania kupitia vyama vya ushirika tangu enzi za kina Paul Bomani, sasa ingesokotwa, ingefumwa na kuchapwa hapahapa. Mwatex ikawa Mwanza, Mutex ikawa Musoma, na vingine Arusha, Mbeya, Tabora, Morogoro. Kwa watu wengi waliokulia miaka hiyo, sare ya shule, shuka, khanga ya mama na kitenge cha sherehe vilitoka kwenye mashine za nchi hii. Hata leo ukipanda mwendokasi Barabara ya Morogoro kuna kituo kinaitwa Urafiki, na abiria wengi vijana hawajui kwamba jina lile lilikuwa la kiwanda kabla ya kuwa la kituo.

Yaliyofuata mnayafahamu kuliko mimi: uhaba wa fedha za kigeni wa miaka ya 1980, vipuri, umeme na maji, kisha mlango ulipofunguliwa, mitumba na vitenge vya bei nafuu. Ubinafsishaji ukaja. Urafiki kikawa kampuni ya ubia mwaka 1997, China asilimia 51, Tanzania 49. Vingine viliuzwa, vingine vikafungwa, vichache vinaendelea kwa majina mapya. Sitaki barua hii iwe ya kutafuta mchawi.

Ninachotaka kusema ni kwamba mali ya kiwanda ilipohesabiwa, ilihesabiwa kama ardhi, majengo, mashine na madeni. Hakuna safu ya kumbukumbu kwenye jedwali lile, na asiyekuwa na safu hapati mtetezi.

Sheria nayo inaviacha mkono vitu hivi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mabaki yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na milango ya kuchonga ya kabla ya 1940. Ilipoandikwa, Urafiki hakikuwa hata shimo la msingi. Haikuwa na sababu ya kuwaza kwamba siku moja mashine ya kufuma ingekuwa kitu cha kale. Lakini sheria hiyohiyo inampa Waziri nafasi ya kutangaza vitu vingine kuwa vya kulindwa. Kwa hiyo hatuhitaji kusubiri Bunge litunge sheria ya urithi wa viwanda, ingawa siku moja itabidi. Tangazo moja kwenye Gazeti la Serikali linaweza kusema: vitabu vya michoro vya viwanda vya nguo vya umma, rola za kuchapia zilizochongwa, na angalau mashine moja kamili ya kila aina, ni vitu vinavyolindwa.

Nisimulie lililonipata mimi, bila kutaja kiwanda. Nilisikia kuwa mashine za kufuma zinang'olewa mahali fulani. Nikaenda na barua, na fedha mfukoni, nikitaka kununua vibati, vitana vilivyovunjika na mitumbwi. Nikaambiwa aliyeshinda zabuni ameshinda kila kitu, nikamtafute yeye. Yeye akaniambia hauzi rejareja. Ama nichukue lori zima ama nipishe njia. Haikuwa ukorofi. Kwake yeye kutenganisha vitu vidogo ni kupoteza vibarua wa siku mbili. Wiki ile nikapata kilo chache kwa kijana aliyekuwa anabeba, kwa njia ambayo sikuweza kuiombea risiti, na nikakataa kuendelea kwa sababu sitaki vito vyangu viwe vimetokana na vitu ambavyo siwezi kueleza vimetoka wapi. Mteja wa leo anauliza. Wa Ulaya anauliza zaidi, lakini hata wa Mikocheni anauliza.

Mambo ya michoro ni mazito zaidi kuliko ya chuma, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Khanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mtu fulani, mwenye kalamu na karatasi ya miraba, alikaa kiwandani akachora korosho, jogoo, mikono inayosalimiana, ramani, mwenge. Akatenganisha rangi: hii rola yake, ile rola yake, kwa sababu kila rangi huchapwa kwa rola au skrini yake peke yake. Michoro ile iliwekwa vitabuni na namba. Khanga ikachakaa, ikawa winda, ikawa tambara la jikoni. Kitabu kikabaki. Kikiungua au kikafungiwa maandazi, hakuna nakala.

Majina ya wachoraji wale hatuyajui, isipokuwa kwa kuulizana mitaani. Tunajua majina ya wachongaji wetu wakubwa na wapaka rangi wetu wakubwa, ila watu ambao kazi yao ilivaliwa na mamilioni hawana hata kibao. Naomba Makumbusho na Baraza la Sanaa la Taifa wafanye kazi hii ya kuwatafuta wangali hai, na wakiwapata waandike jina kando ya mchoro.

Kisha suala la haki. Sisi mafundi tunapenda kuchonga pindo za zamani kwenye fedha. Bangili yenye pindo la korosho inauzika vizuri kuliko bangili yoyote niliyowahi kubuni kwa akili yangu. Je, mchoro ule ni wa nani sasa? Wa kampuni iliyorithi kiwanda? Wa Hazina? Wa mchoraji na wanawe? Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ipo na ofisi ipo, lakini hakuna mahali pa kwenda na mchoro wa mwaka 1974 mkononi ukauliza na kujibiwa. Matokeo yake mwaminifu anaogopa, na asiye mwaminifu anapeleka picha nje ya nchi na mwezi unaofuata hereni za plastiki zenye pindo lile zinarudi Kariakoo kwa kontena. Pangeni ada ndogo, sehemu yake iende kwa mchoraji au familia yake, mtupe leseni. Tutalipa. Nasema kwa niaba yangu na ya wenzangu ninaofanya nao kazi, siwezi kuwasemea masonara wote.

Msidhani naomba kufunguliwa ghala ili kila mtu ajichotee. Kuna vitu havifai kuwa vito na nisingependa vifike sokoni. Skrini za mviringo zinazotumika kuchapia nguo kwa mashine za kisasa zimetengenezwa kwa nikeli, ni nyembamba na zimetobolewa vitundu maridadi, zinamtamanisha fundi yeyote. Lakini nikeli ikigusa ngozi kwa muda mrefu inawaletea watu wengi upele na muwasho, na ndiyo sababu Umoja wa Ulaya umeweka mipaka ya kiasi cha nikeli kinachoruhusiwa kutoka kwenye vito. Rola za shaba nyingi zilipakwa kromi juu. Mashine za zamani zina rangi zenye risasi. Fundi anayetia moto bila kujua anajiua polepole, na anayevaa naye hayuko salama. Shirika la Viwango litupe kipimo cha bei ambayo karakana ndogo inaweza kuimudu, na mwongozo wa Kiswahili wa kurasa chache: hiki ruksa kugusa ngozi, hiki kifunikwe, hiki kiende makumbusho tu.

Hili la afya linanipeleka kwa wafumaji wenyewe, na hapa sina budi kuwakosoa hata mafundi wenzangu. Tumekuwa na tabia ya kupamba kumbukumbu. Tunaandika kwenye kadi ya hereni maneno matamu kuhusu enzi za viwanda, kana kwamba kiwanda kilikuwa bustani. Ukumbi wa kufuma una kelele ambayo mtu aliyefanya kazi humo miaka mingi hutoka masikio yamekufa ganzi. Mafundi wa zamani wamezoea kuzungumza kwa mikono na midomo. Vumbi la pamba linaingia mapafuni na kuleta ugonjwa wa kubanwa kifua, maarufu kwa kuwazidia wafanyakazi siku ya kwanza baada ya mapumziko. Lancashire, Uingereza, wafumaji walikuwa wakinyonya uzi kwa mdomo kuupitisha kwenye tundu la mtumbwi, wakabadilishana magonjwa. Kito kisichojua habari hizi ni urembo tu, nami sina neno baya juu ya urembo, lakini kisijiite urithi.

Kwa wastaafu wengi wa viwanda hivi, tena, neno urithi linakuja nyuma ya neno mafao. Wapo wanaoshika mafaili hadi leo. Sitaki mtu yeyote serikalini atumie barua yangu kusema kwamba wazee wameenziwa kwa sababu chombo chao kimewekwa kwenye kabati la kioo. Mafao ni mafao. Ninachoomba kwa upande wangu ni kwamba orodha itakapofanywa, waitwe wao, walipwe posho ya siku kama mtaalamu yeyote wa warsha, waeleze kila kifaa kilifanya nini. Mimi nimejifunza kazi ya vibati kwa mama mmoja aliyekuwa akiunga nyuzi. Aliona sahani ya vibati mezani kwangu akavipanga kwa vidole bila kuangalia. Vitabu havikunipa nilichopata kwake kwa kikombe cha chai.

Wengine watasema haya ni mambo ya Wazungu. Sawa, wameyafanya. Quarry Bank kule Uingereza, kiwanda cha pamba cha mwaka 1784, kimekuwa mikononi mwa shirika la urithi tangu 1939, na mashine zake zinazungushwa mbele ya wageni. Łódź, Poland, kiwanda cheupe cha Geyer kimekuwa makumbusho kuu ya nguo na tangu miaka ya 1970 kinaandaa maonyesho makubwa ya kimataifa ya sanaa ya kufuma. Lakini mfano ninaoupenda hauko Ulaya. Uko Ahmedabad, Gujarat, ambako mwaka 1949 familia yenye kiwanda cha Calico ilianzisha makumbusho ya nguo. Kiwanda kimekwisha siku nyingi, makumbusho ipo na wachoraji, wafumaji na wafua vito wanaitumia kama shule. Na Gujarat si mbali na sisi. Maduka mengi ya khanga ya pwani yana babu kutoka huko.

Jirani zetu nao wamepitia njia hii. Rivatex ya Eldoret ilianguka, ikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, ikafungwa mashine mpya na kuzinduliwa upya mwaka 2019. Kila mashine mpya inapofungwa kuna ya zamani inayotoka, na swali langu ni lilelile huko pia: inatoka kwenda wapi?

Je, biashara hii ina faida? Niwe mkweli. Haitarudisha ajira zilizopotea Ubungo, wala Mwanza. Karakana yetu ina watu wachache. Fedha tunaipata kwa shida, wanunuzi wa uhakika ni wa msimu, na Sabasaba tunauza zaidi pete za kawaida kuliko hivi vya kiwandani. Lakini linganisheni bei. Kilo moja ya vibati kwenye mizani ya vyuma chakavu haitoshi nauli ya daladala kwenda na kurudi. Kilo ileile mezani kwa fundi ni hereni jozi kwa jozi, na kila jozi ina kodi yake. Kama hoja ya utamaduni haiwafikii, hoja ya mapato basi iwafikie. Wanafunzi wa ufundi wanaotoka VETA wakijua kulehemu na kutumia tupa wanaweza kuanza na chuma hiki bila mtaji wa dhahabu, na hilo kwangu ni kubwa kuliko maonyesho yoyote ya mitindo.

Msajili wa Hazina, wewe ndiye nakuandikia zaidi, kwa sababu zabuni zinapita kwako au karibu nawe. Kifungu chenyewe nimekijaribu hivi, wanasheria wako watakinyoosha: "Mnunuzi hatakuwa na haki juu ya vitabu vya michoro, sampuli za nguo, rola na skrini za kuchapia, mitumbwi, vitana, vibati, bobini na vifaa vidogo vya kusokotea, ambavyo vitatengwa na kuorodheshwa na Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 30 kabla ya makabidhiano." Siku 30 si nyingi. Mnada wenyewe hutangazwa na kuahirishwa kwa muda mrefu kuliko huo.

Makumbusho, nanyi msisubiri barua ya Wizara. Tumeni mtu mwenye kamera na daftari kwenye kila kiwanda ambacho milango yake bado inafunguka, apige picha vitabu vya michoro hata kama hamjapata ruhusa ya kuvichukua. Nafasi ya ghala ikiwa ndogo, picha hazihitaji ghala. Kijiji cha Makumbusho kina nyumba za makabila yetu. Pana nafasi ya mashine moja ya kufuma chini ya paa la bati, na mstaafu mmoja wa kuizungusha Jumamosi.

Na Waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale, lile tangazo la Gazeti la Serikali liko mkononi mwako. Sisi mafundi tuko tayari kuja ofisini, Dodoma au hapa Dar, tukiwa na sahani ya vibati, mkufu, mtumbwi mmoja mzima na mmoja uliokatwa, mtazame wenyewe kabla ya kuamua. Tukiruhusiwa kununua, tutanunua kwa kipande na kulipa siku hiyohiyo.

Wasalaam,

Fundi wa vito,
Dar es Salaam